Shefu ametoa albamu peke yake, na sisi wa orkestra je?

Tangu tufungue mlango wa maswali ya muziki, barua zinazofika zinalia kilio kimoja: shefu wa orkestra ameamua kutoka peke yake, na nyuma yake kumebaki maneno. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu ndani yake mna karibu kila kitu, zingine nimeenda haraka haraka.

"Ile gita ya sebene ni mie nilitafuta"

Yaya, jambo sana. Mie niko mupiga mi-solo (ile gita inajibizanaka na solo) mu orkestra moja ya hapa Lubumbashi, komini Kenya, tuko batu 12. Shefu wetu alituambia tufanye mazoezi ya nyimbo mpya kwa albamu ya orkestra, tukafanya miezi mingi, kila mutu analipa taksi yake mwenyewe. Sasa albamu imetoka, jina ni yake na foto ni yake yeye tu. Mu nyimbo 8, nyimbo 6 ni zile za mazoezi, na fasi ya mutunzi beliandika jina lake pekee. Ile gita ya sebene (ile fasi ya kucheza, kuimba kukiisha) ya wimbo wa pili, ile batoto banaimbaka na midomo mpaka mu soko, ni mie nilitafuta, usiku, ku nyumba. Nilimuuliza, akasema mulilipwa kashe ya studio, mambo imeisha. Benzangu bamoja banasema tutoke bote, bengine banasema tunyamaze juu eko mukubwa wetu, njo alitufundisha. Tufanye nini? — Mi-solo, Kenya

Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa na sitakuambia unyamaze. Lakini tutenganishe mambo, maana mu barua yako yamechanganyika, na yakibaki hivo shefu wako atakushinda kwa maneno hata kabla hamjakaa chini.

Kwanza, shefu kutoa albamu kwa jina lake si kosa. Muziki wetu umekua kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1963 Tabu Ley na Dr Nico walitoka African Jazz ya Kabasele wakafungua African Fiesta, alafu 1965 hao wawili nao wakaachana. Zaïko Langa Langa ilizaliwa Desemba 1969, mwaka 1974 Papa Wemba na wenzake wakatoka wakaunda Isifi Lokole, na 1977 Wemba akawa na Viva la Musica yake. Fally Ipupa alitoka Quartier Latin ya Koffi Olomide na 2006 akatoa albamu yake ya kwanza. Kama kila mtu angebaki pale alipoanzia, tusingekuwa na hata nusu ya nyimbo tunazocheza. Kwa hiyo usiende kwake na swali la kwa nini umetoa ya peke yako, hapo hauna hoja.

Hoja yako ni zile nyimbo 6, zilizotoka mu mazoezi ya watu 12 na zikaandikwa mtu mmoja.

Kashe inalipa kazi ya siku ile ya studio: ulikuja, ukapiga, ukaenda. Utunzi ni jambo lingine. Sheria yetu ya haki za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, iko wazi kwa kila mtu, na ndani yake mtunzi ni yule aliyeumba kazi, na kazi ikiumbwa na watu kadhaa pamoja basi haki ni yao wote pamoja. Mwenye pesa ya studio hageuki mtunzi juu ya pesa yake, mwenye orkestra vile vile. Kama shefu anasema ulimwachia sehemu yako, mwombe akuonyeshe karatasi uliyosaini. Kama hakuna karatasi, maongezi hayajaisha, ndio kwanza yanaanza.

Sasa tuangalie wimbo wetu unavyojengwa, maana ugomvi unazaliwa humo. Shefu anakuja ku mazoezi na maneno na sauti, mara nyingi amejirekodi mu simu. Mpiga akompa, gita ya kusindikiza, anatafuta mahali pa kukaa, besi inamfuata, waimbaji wanagawana sauti, wanarudia ubeti ule ule mpaka jasho linatoka. Mpaka hapo wimbo ni wa shefu, hata mimi nakubali. Alafu shefu anarudi nyuma ya mikro, anawapa sebene, na kuanzia hapo yeye hana neno tena. Ni solo na mi-solo wanaotafutana, mmoja anapiga kitu kifupi anakirudia rudia, mwingine anakiingilia katikati, drams inabadilisha mwendo, atalaku, yule wa kupiga kelele za kuchezesha watu, anatafuta kilio cha kuweka juu yake, mtu mmoja anapiga kelele "hapo hapo, usitoke hapo!", na kile mlichokishika pale ndicho watu watachezea ku arusi mwaka mzima. Ukienda kuangalia nani alikitunga unakuta jina la yule aliyekuwa amesimama nyuma anapangusa jasho. Mimi jambo hili linaniumiza kabisa na nitaendelea kulisema, maana mu muziki wa huku sebene si mapambo, kuna wimbo ambao ukiutoa sebene hakuna mtu atauomba tena.

Lakini uwe mkweli pia. Si kila aliyepiga ametunga. Kama shefu alikuimbia kwa mdomo "nipigie hivi" na wewe ukapiga hivo, basi ni yake, wewe umetekeleza. Kama ulizungusha kidogo kitu ambacho solo alikuwa amekwisha kukitoa, basi zungumza na solo kwanza. Mbele ya kwenda popote kaa na wenzako mpitie nyimbo 6 zote, moja moja, kila mtu aseme yeye alileta nini, na bila kuoneana haya. Naamini mtakuta mbili tatu ni za shefu kabisa na mtamwachia. Zitakazobaki ndizo mtakazozisimamia, na mtasimama kwa nguvu zaidi juu mmekuwa wakweli.

Alafu tafuteni ushahidi. Yule mwenzenu anayerekodi mazoezi na simu ili akajifunze nyumbani, njo mtu wenu wa maana sasa hivi. Zile sauti mlizotumiana mu WhatsApp zina tarehe. Zinakili mahali pengine leo, simu inaibwa, simu inaanguka mu maji.

Msidhani haya yanatokea kwetu tu juu ya umaskini. Lauryn Hill, aliyekuwa sauti kubwa ya kundi la Fugees la Marekani, alitoa albamu yake ya peke yake mwaka 1998, ikauza sana na mwanzo wa 1999 akabeba Grammy 5 usiku mmoja. Wanamuziki 4 waliofanya naye kazi walikuwa wamekwisha kumpeleka mahakamani, wanasema walitunga na kutengeneza na majina yao hayakuandikwa inavyotakiwa. Ilifika 2001 ndipo wakasikilizana nje ya mahakama. Nchi yenye maavoka kila kona, pesa kila kona, na bado neno ni lile lile: nani aliandikwa fasi gani.

Sasa upande wa shefu, maana nimesoma barua yako moja tu na yeye hayupo hapa kujitetea. Atakuambia gita unayopiga ni yake, ampli ni zake, mafuta ya jenereta alinunua yeye, nyumba ya mazoezi analipa yeye, na siku mtu alipofiwa ni yeye alitoa sanduku. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na ni lazima yahesabiwe, sehemu yake iwe kubwa kuliko ya wengine sioni ubaya. Lakini jenereta haitungi wimbo. Na heshima kwa mtu aliyekufundisha unaiweka kwa kumsalimia kwanza, kwa kumwendea nyumbani, kwa kutomtukana mbele ya watu. Kumwachia jina lako la utunzi si sehemu ya heshima, hakuna desturi yetu inayosema hivo.

Basi muendeeni watu wawili au watatu, mchana, kwake, si usiku wa konseri na si mu Facebook. Mkiwa na mzee mmoja wa muziki ambaye yeye anamheshimu, vizuri zaidi. Mwombe vitu viwili. Kimoja, nyimbo mlizokubaliana ziandikishwe SOCODA, shirika la haki za watunzi, na sehemu ya kila mtu ijulikane, nani maneno, nani muziki, nani mpangilio. Kingine, yule anayemsambazia albamu mu intaneti arekebishe majina, hiyo inawezekana hata kama albamu imekwisha kutoka, asiwaambie imechelewa. Akikataa, avoka amwandikie barua, na hapo mtakuwa mmefuata njia yote ya watu wazima.

Juu ya kutoka wote: mnaweza, lakini msitoke na hasira peke yake. Hapa Lubumbashi tulikuwa na Baba Gaston na Baba National yake. Alisafiri nayo mpaka Dar es Salaam, akafika Nairobi, na mwaka 1976 wanamuziki wake wakamwacha wakaunda Les Mangelepa, jina ambalo Afrika Mashariki wanalijua mpaka leo. Walitoka watu wanaofahamiana, wenye kazi mkononi, wakachukua jina jipya kabisa. Kama ninyi mna waimbaji, mna nyimbo na mna mahali pa kufanyia mazoezi, nitawaunga mkono. Kama mna machungu tu, bakini kwanza, mfungue ile mazungumzo.

"Niko na makosa gani?"

Yaya, mie niko ule mutu bote banatukana. Nilianzisha orkestra, vyombo nilinunua na pesa ya duka yangu. Sasa kila wimbo lazima tupige kura, mutu wa besi anataka hivi, atalaku anataka vile, mwisho wimbo hauko wangu tena na hauko wa mutu yeyote. Miye nataka kuimba polepole, na gita moja, mu Kiswahili chetu, mambo ya kwetu nyumbani. Banasema bila sebene haiuzi. Nikisema basi nitafanya peke yangu, banasema nimebasaliti. Niko na makosa? — Shefu, Kampemba

Papa, hapana, hauna makosa kwa kutaka hivo. Na neno "haiuzi" mu mji huu tusilikubali upesi. Kabla orkestra kubwa hazijajaza baa zetu, Katanga ilijulikana kwa mtu mmoja na gita moja. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa mwaka 1952 na Hugh Tracey, alikuwa kijana wa Jadotville, Likasi ya leo, anaimba Kiswahili na vidole vyake vinapiga kama gita mbili. Edouard Masengo njia hiyo hiyo, Losta Abelo vile vile. Sauti hiyo ilifika Nairobi na vijana wa kule wakajifunzia gita humo. Unachokitaka wewe kina mizizi hapa hapa chini ya miguu yetu, na natamani sana ukifanye.

Juu ya kura, nina msimamo na nitausema bila kuzunguka: aliyeleta wimbo ndiye awe na neno la mwisho ku wimbo huo. Si shefu kila siku, na si wingi wa mikono. Wote waseme, wajaribu, wabishane, lakini mwisho yule aliyekuja na wimbo aamue ukae namna gani. Siku nyingine wimbo unaletwa na mpiga besi, na siku hiyo wewe shefu unakaa kimya na unaimba vile anataka. Hilo la pili ndilo mashefu wanalisahau. Franco alikuwa mkubwa kweli kweli mu TPOK Jazz, lakini ndani yake mlikuwa na Simaro Lutumba, aliyeingia mwaka 1961, anatunga nyimbo zake mwenyewe na watu wanajua ni za Simaro, mpaka wakamwita Mshairi. Mwaka 1984 akatoa sahani kwa jina lake, Carlito akiimba, na hakuivunja orkestra juu yake, aliendelea mpaka Franco anakufa Oktoba 1989 na hata baada ya hapo ni yeye aliyeishika. Kwa hiyo kutoka na kubaki vinawezekana kwa mtu mmoja, mradi kila upande ujue mapema.

Hapo kwenye mapema ndipo ninapokuwa na wasiwasi na wewe. Barua yako haisemi kama uliwaambia uso kwa uso au walisikia mu mji. Mick Jagger wa Rolling Stones alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1985, na Keith Richards alikasirika miaka kadhaa. 1986 kundi likatoa albamu, Jagger akakataa kuzunguka nayo, alafu 1988 akazunguka peke yake akiimba na nyimbo za kundi. Jiweke mahali pa Keith. Wanamuziki wanaweza kuvumilia uende peke yako, wasichovumilia ni kuona miezi mizuri unaipeleka kwako, Desemba na arusi zake, na wao unawaachia kiangazi kisicho na kazi.

Kwa hiyo kaa nao mbele ya kuingia studio. Waambie ni nyimbo gani utachukua, na ziwe zile ulizokuja nazo kutoka kwako, hakuna hata moja iliyopitia mazoezi yao. Waambie mwezi gani utakuwa kwako na mwezi gani utakuwa kwao. Kama unataka mmoja wao akupigie, mwombe mbele ya wenzake na mpange bei kama mgeni. Na ruhusu mwingine naye atoke na ya kwake siku yake ikifika, maana shefu anayefungua mlango akipita yeye tu na kuufunga nyuma, hapo neno usaliti linapata mwenyewe.

Na kuna kitu hamkukigusa wewe wala wao, lakini kiko chini ya ugomvi mwingi: mabanga. Yale majina yanayotajwa mu wimbo, ya mfanyabiashara anayeshusha mizigo Kasumbalesa, ya mukubwa wa madini, ya bwana harusi, si bure, yanalipwa, na yanaweza kuzidi kiingilio cha konseri nzima. Albamu ikiwa ya orkestra watu wanangojea kitu kiwafikie. Ikiwa ya kwako, yote yanaingia kwako. Wanamuziki wako wanasikiliza wimbo na wanahesabu majina, usidhani hawahesabu. Sema wazi mapema mabanga ya albamu yako ni yako na ya orkestra yatagawanywa namna hii, andikeni, sainini. Utaona nusu ya matusi inaisha.

"Asubuhi moja jina letu halipo"

Yaya, mimi ni mwimbaji, Katuba. Chaneli ya YouTube ya kundi letu ilifunguliwa na imeili ya shefu. Asubuhi moja tumekuta jina la kundi halipo tena, ameweka jina lake, na mafani wote na video zetu zote zimebaki mule. Tena anasema hata jina la kundi ni lake, tukitaka kuendelea tutafute lingine. Anaruhusiwa? — Dada wa sauti ya juu

Dada yangu, hapo mna mambo mawili.

Chaneli: YouTube inamjua mwenye imeili na neno la siri, basi. Akibadilisha jina, wafuatiliaji wanabaki, hesabu ya waliotazama inabaki, na pesa ya matangazo kama ipo inaenda ku akaunti iliyounganishwa. Ndiyo maana nasema kila siku chaneli ya kundi ifunguliwe na imeili ya kundi, na ndani yake waingizwe watu wawili au watatu wenye madaraka sawa, mtambo wenyewe unaruhusu. Kwenu imechelewa, lakini sauti yako na uso wako mu zile video vina haki zake, mwimbaji na mpigaji wanalindwa na sheria ile ile ya 1986. Mwambieni kwa maandishi arudishe jina la kundi ku video za kundi, na mtafuteni yule aliyepiga picha awape nakala zenu. Fungueni mpya leo leo, msingoje.

Jina: mtu kulibuni au kulisema kwanza jukwaani si mwisho wa hesabu. Jina linaandikishwa kama alama, Wizara ya Viwanda, kwa sheria ya tarehe 7 Januari 1982. Au kundi linaundwa kama chama kisicho cha faida, ile ASBL ya sheria ya 20 Julai 2001, na jina linakuwa la chama, siku shefu akitoka analiacha nyuma. Muulizeni kama yeye aliandikisha mahali popote. Kama hakuandikisha, ninyi mnaobaki na mnaoendelea kupiga mna la kusema. Roger Waters alipotoka Pink Floyd mwaka 1985 alifikiri kundi limekwisha juu yeye ndiye alikuwa anaandika karibu vyote, 1986 akaenda mahakamani kuwazuia wenzake wasitumie jina, na mwisho wa 1987 wakapatana: wao wakabaki na jina, yeye akachukua vitu vyake vingine. Alikuwa kichwa cha kundi, na bado jina lilibaki kwa waliobaki.

Ila kama naona vizuri ninyi bado wachanga, msimalize miaka mu vita ya jina. Papa Wemba hakubeba jina la Zaïko kutoka nalo, na hakuna aliyemsahau.

"Mu Wenge nani alikuwa na haki?"

Miye ni fani wa zamani. Tunabishana hapa mpaka leo, ni albamu ya JB Mpiana iliua Wenge ao ni Werrason? Tupatanishe. — Bana Kamalondo

Bana Kamalondo, sitawapatanisha, lakini nitasema ninavyoona. Wenge Musica, orkestra ya Kinshasa, ilianza 1981. Mwaka 1997 JB Mpiana akatoa "Feux de l'amour", ya kwake, ikapendwa kupita kiasi, na kabla mwaka haujaisha orkestra ikapasuka: huku BCBG ya JB, kule Maison Mère na Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez. Wengi wanasema ni albamu ile. Mimi naona albamu ilikuta tayari vichwa kadhaa vikubwa mu nyumba moja, kila kimoja kina watu wake nyuma, na ushindi wa mmoja ukafanya hesabu iliyokuwa inafichwa ionekane: nani shefu, nani anaamua, sauti ya nani inasikika zaidi. Hayo yangelipuka siku nyingine kwa sababu nyingine.

Na sisi mafani tulifanya vibaya sana, lazima tuseme. Tuligawana mitaa, tukapigana, watu wakaumia kwa ajili ya wanamuziki ambao wao wenyewe walikuwa watoto wa kundi moja. Tarehe 30 Juni 2022 walipanda tena pamoja Stade des Martyrs, Kinshasa, na nyimbo zilizokuwa zimegawanyika miaka karibu 25 zikaimbwa tena pamoja. Niliposikia zile sauti zinaingiana vile, niliwaza miaka yote hiyo tulichokosa. Sifikirii tena nani alikuwa na haki.

"Ni ya Mungu, hamna sheria"

Yaya, kiongozi wa kwaya yetu ya Ruashi amerekodi nyimbo za kwaya kama mwimbaji wa injili peke yake. Tukiuliza anasema nyimbo ni za Mungu, hazina mwenyewe. — Sauti ya pili

Ndugu, kama hazina mwenyewe, basi na yeye asiweke jina lake. Sheria haitofautishi wimbo wa kanisa na wa baa. Zile alizotunga yeye ni zake na ana ruhusa ya kuziimba popote, hilo mkubali. Zile zilizotungwa na mwingine, au zilizopangiwa sauti na mwalimu wenu wa zamani, majina yao yaandikwe, na kama kuna pesa inaingia, komite ya kwaya ikae naye kabla ya mchungaji kulazimika kuingia kati. Na kwa haraka, mwambie aandike jina la kwaya mu maelezo ya kila video, anaweza kufanya usiku huu akiwa kitandani na simu yake, haimgharimu hata franc moja.